Mpango wa bayoanuwai: unaandikwa kabla ya ramani ya nyumba au baada? (Kiwanja cha Manda)

#1 MpimaWaAmu
Salaam wanajukwaa. Kuna jamaa ana kiwanja kisiwani Manda, hapa Lamu, upande wa nyuma, kinashuka mpaka kwenye mikoko. Ataka kujenga nyumba ya wageni, vyumba kumi na viwili, mawe na chokaa kama ada ya kwetu. Ramani ishachorwa na maombi ya kaunti yako njiani. Sasa mshirika wake Mwingereza amesema hatoi pesa mpaka aone mpango wa kuboresha bayoanuwai, unaoonyesha kwamba mimea na viumbe vya pale vitazidi kwa asilimia 10 baada ya ujenzi. Kwao, asema, hakuna jengo linalopita bila huo.

Ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira nimezizoea. Zile huuliza utaharibu nini na utapunguza vipi. Huyu auliza utapaacha vipi pawe pazuri kuliko ulivyopakuta, na hilo ni swali jingine kabisa. Maoni yangu ni kwamba mpango wa namna hii ukiandikwa ramani ikiwa tayari, kilichobaki ni kutafuta pembe za kupanda miti. Wenye uzoefu semeni: unaanza wapi, na kwa nini mipango mingi ya hapa kwetu ikipita kwenye karatasi haionekani kwenye ardhi?

#2 FundiChokaa
Ndugu, usimbabaishe mwenye nyumba. Panda minazi thelathini, panda mwarobaini kwenye ua, piga picha, peleka. Huko Uingereza kwenyewe kila anayejenga hata choo anapanda miti yake asilimia 10 na maisha yanaendelea.

#3 Mswahili_Bristol
FundiChokaa, hapo sivyo. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, nafanya kazi kwenye ofisi ya mipango miji huku, na mafaili haya napitia kila wiki.

Kwanza si Uingereza nzima, ni England peke yake. Scotland na Wales wana taratibu zao. Sheria ni ya mazingira ya mwaka 2021, na sharti la asilimia 10 lilianza tarehe 12 Februari 2024 kwa miradi mikubwa, kisha tarehe 2 Aprili mwaka huohuo kwa midogo. Mtu anayeongeza chumba kwenye nyumba yake ya kuishi hahusiki. Na mradi unaogusa chini ya mita 25 za mraba za makazi ya viumbe yasiyo ya kipaumbele nao umesamehewa.

Pili, hawahesabu miti. Wanahesabu makazi ya viumbe: majani, vichaka, msitu, ua wa miti, mto, hata ufuo unaofunikwa na maji na kufunuka. Kila kipande kinapewa alama kwa ukubwa wake, upekee wake, hali yake na mahali kilipo. Mfano: nusu hekta ya makazi yenye upekee wa kati (alama 4), hali ya wastani (alama 2), mahali pa kawaida (1). 0.5 × 4 × 2 × 1 ni 4, na jumla hiyo huitwa vipimo. Ukimaliza kujenga uwe na vipimo 4.4 au zaidi. Na kile unachopanda upya kinakatwa alama kwa sababu kinachukua miaka kukua na huenda kikafa. Kwa hiyo kukiacha kilichopo ni rahisi kuliko kukirudisha.

Tatu, swali lako MpimaWaAmu. Kwa sheria ya huku, mpango wenyewe unaidhinishwa baada ya kibali cha ujenzi kutoka na kabla jembe halijagusa ardhi. Halmashauri ina wiki nane za kuamua. Lakini hesabu ya hali iliyopo unaileta pamoja na maombi. Wanaongoja kibali ndio wafikirie bayoanuwai hukuta nyumba imekaa juu ya kipande bora kabisa cha kiwanja, na hapo wanalazimika kununua vipimo kwenye shamba la mtu mwingine kwa bei ya kuumiza.

#4 BintiWaShela
Ahsante kaka kwa ufafanuzi. Na FundiChokaa, usimpe mtu ushauri wa mwarobaini. Mti wa dawa sawa, tunaupenda majumbani, lakini ukiuingiza porini unajisambaza na kuwasukuma wenyeji wa pale. Mtu akiandika kwamba ameongeza viumbe kwa kupanda mwarobaini Manda, ameandika kinyume.

#5 WakiliMalindi
Tusichanganye nchi mbili. Hapa Kenya hakuna sharti la asilimia 10 ya bayoanuwai kwa kiwanja. Asilimia 10 iliyomo kwenye Katiba, ibara ya 69, ni ya Serikali kufikisha ardhi ya nchi kwenye angalau asilimia 10 ya miti. Watu huzichanganya hizi mbili hata mikutanoni.

Kinachomhusu jamaa yako ni hiki. Sheria ya mazingira ya 1999 na kanuni za tathmini za 2003: leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na ripoti iliyoandikwa na mtaalamu aliyesajiliwa. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019: kibali cha kaunti. Halafu mikoko. Mikoko yote ya nchi hii ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932, hivyo hatimiliki ya kiwanja haimpi mtu ruhusa ya kuingiza panga mle. Apime kwanza mpaka wake unaishia wapi.

Mshirika wake anaweza kudai zaidi ya sheria, hiyo ni haki ya mwenye pesa. Hata shirika la fedha la kimataifa la Benki ya Dunia, IFC, lina kiwango chake namba 6 cha mwaka 2012: kwenye makazi ya asili usiache hasara pale inapowezekana, na kwenye makazi nyeti uache ongezeko. Kwa hiyo mpango huo ni wa mkataba kati yao wawili. Uandikwe hivyo, wasimwambie mtu wa kaunti kwamba ni sharti la sheria.

#6 MlinziWaMida
Nitoke Watamu. Tatizo la mipango mingi ni moja: anayeandika amekuja mara moja, asubuhi, maji yamejaa, akaona buluu na kijani akaondoka.

Kiwanja cha mwambao nenda bamvua, maji yakiwa yametoka mpaka mwisho, uone matope yanaanzia wapi na nani anakula pale. Kisha nenda maji mafu, yasipopanda wala kushuka sana. Nenda wakati wa kaskazi, ndege wageni wa Ulaya na Asia wakiwa wamefika, vitwitwi na sululu kwa makundi, na wale weusi kwa weupe wenye domo nene wanaokula kaa. Urudi wakati wa kusi uone nani amebaki. Mida, hori letu la mikoko hapa Watamu, bila kaskazi huwezi kuieleza, na sidhani nyuma ya Manda ni tofauti.

Vifaa havihitaji mamilioni. Kamba ya mita 100 inayonyooshwa kutoka nchi kavu hadi majini, fremu ya mita moja kwa moja unailaza kila baada ya mita kumi, daftari na kalamu ya risasi kwa sababu wino hulowa. Ndani ya fremu andika kila kilichomo: mche wa mti gani, matundu ya kaa mangapi, konokono wangapi, takataka pia. Mtu akishika fremu hiyo kwa mikono yake hatakuandikia tena "eneo lina mikoko na ndege mbalimbali". Sentensi hiyo nimeisoma kwenye ripoti nyingi mpaka inanikera rohoni.

#7 Nahodha_Faza
Haya mumeyanena ya vitabu. Mimi nitawaambia ya macho. Kuna mradi ulipita karibu na kwetu, siutaji, ukaahidi mikoko ya fidia. Wakaja watu na fulana mpya, wakapanda mkoko safu kwa safu kwenye fungu la mchanga lililo wazi, lile linalopigwa na wimbi la kusi. Kila mche umefungwa kwenye kijiti. Baada ya muda kupita, ile miche imevaa vigaga vigumu, vilevile tunavyokwangua kwenye mashua kabla ya kupaka shahamu, shina lote jeupe, majani mawili juu yameungua. Bahari ikang'oa. Vijiti vikasalia vimesimama.

Babu zetu waliokuwa wakikata boriti wangewaambia bure: pale hapajaota mkoko tangu dunia iumbwe, wewe wapandani?

#8 MwanafunziKilifi
Nahodha umesema kweli na sayansi iko upande wako. Kila mti una kimo chake cha maji. Mlilana hutangulia baharini, mkoko hufuata kwenye matope laini kando ya mikondo, mkandaa uko juu yake, na mchu ndio unaostahimili chumvi kali kule nyuma. Watu hupanda mkoko kila mahali kwa sababu mbegu yake ndefu, unaichomeka tu kama kalamu na picha inatoka nzuri. Mbegu ya mlilana ni ndogo, inataka kitalu, nani ana subira hiyo?

Mara nyingi hata kupanda hakuhitajiki. Ukifungua njia ya maji iliyozibwa na barabara au tuta, mbegu huja zenyewe na mkondo. Mpango mzuri wa Manda huenda usiwe na mche hata mmoja.

#9 FundiChokaa
Sasa mpango usio na mche mwenye pesa atauonaje? Yeye ataka kuona kitu.

#10 MzeeWaMatondoni
Wanangu, mimi natofautiana na nyote kidogo. Miche hufa, kweli, na mahali huwa si pake, kweli. Lakini sababu kubwa ni kwamba wenye mahali hawakuulizwa, wala hawana faida. Serikali ilipopiga marufuku ukataji mwaka 2018, waliokuwa wakiishi kwa pau na boriti waliambiwa wakae. Kisha anakuja mwenye hoteli kupanda miti ileile na kuweka ulinzi ili wasipite. Nani atamlindia? Mbuzi akiingia, mtu atageuza uso.

Angalieni Gazi kule Kwale. Mikoko Pamoja ilianza 2013, wenyewe wanalinda hekta 117, hewa ya kaboni inauzwa, pesa zinakwenda kwenye maji na skuli. Pale mtu akimuona mbuzi kwenye mikoko atamfukuza bila kutumwa.

#11 WakiliMalindi
Mzee wangu, nakubali nusu. Gazi ni msitu wa serikali unaosimamiwa na jamii. Hapa tunazungumza kiwanja cha mtu binafsi, na yeye ndiye mwenye jukumu.

#12 MzeeWaMatondoni
Kiwanja chake, maji ya wote. Kaa anayezaliwa mle kwenye mikoko yake ndiye atakayeingia mtegoni Takwa. Wakili, bahari haina hatimiliki.

#13 Nahodha_Faza
Na mahakama ilikwisha kusema hivyo kwenye kesi ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe hapa Lamu, walipoifunga bandari mpya kwa sababu ya wavuvi.

#14 WakiliMalindi
Nahodha, hizo ni kesi mbili. Bandari haikufungwa, gati ya kwanza ilizinduliwa Mei 2021. Kesi ya bandari ni ile ya 2018, Mahakama Kuu ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 na ikasema haki zao hazikuheshimiwa. Ya makaa ya mawe ni ya Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira, tarehe 26 Juni 2019, leseni ikafutwa, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba watu hawakushirikishwa ipasavyo kwenye ripoti yenyewe. Kuitwa mkutanoni kabla ripoti haijaandikwa, kisha usionyeshwe kilichoandikwa, si kushirikishwa. Hilo la pili ndilo MpimaWaAmu alishike, maana linagusa hata mpango mdogo.

#15 BintiWaShela
Nahodha achanganye kesi, lakini mikondo ya Pate haijawahi kumchanganya. Tumsamehe.

Mimi nataka kuongeza jambo ambalo halijatajwa: taa na taka. Kiwanja kinaweza kubaki na kila mti wake na bado kikawa kimekufa. Mtoto wa kasa akitoka mchangani usiku hufuata upande wenye mwanga, kwa asili ni upeo wa bahari. Ukiweka taa nyeupe barazani anageuka kuja nyumbani, asubuhi kaa na kunguru wamemmaliza. Nyuma ya Manda si ufuo wa mayai, lakini wageni watapelekwa upande wa bahari kuu, na kesho huyo jamaa ataweka banda la chakula kule.

Na kunguru! Mabaki ya jikoni yakimwagwa wazi, kunguru wa India wanafika, na wao ndio wanaokula mayai ya ndege wadogo. Jalala lenye mfuniko lingekuwa la kwanza kwenye mpango wangu, kabla ya mti wowote.

#16 MwanafunziKilifi
Dada, kwenye vipimo vya Mswahili_Bristol jalala lenye mfuniko lingepata alama ngapi?

#17 Mswahili_Bristol
Sifuri. Na hapo umegusa udhaifu ambao hata huku wanaikolojia wanaulalamikia. Hesabu inaangalia makazi, haimwangalii kiumbe mwenyewe. Taa, kelele, paka wa nyumbani, havimo kwenye jedwali. Aina zilizolindwa kisheria zinashughulikiwa kwa njia nyingine.

Tena jedwali lile limetengenezwa kwa majani na misitu ya England. Msilichukue mkalipachika Manda, hakuna alama iliyopangwa kwa ajili ya mchu wala mkoma. Kilicho na thamani kwenu ni mpangilio wa fikra: kwepa kwanza, punguza, rudisha, na kufidia kwingine kuwe mwisho kabisa. Na kanuni mbili ningezibeba zote. Moja, kuna makazi yanayotajwa kuwa hayana mbadala, kama misitu ya kale, hayaingizwi kwenye biashara ya asilimia 10. Ya pili, aliyeharibu makusudi tangu 30 Januari 2020 bila kibali anahesabiwa kwa hali ya kabla hajaharibu.

#18 MlinziWaMida
Hiyo ya pili ndiyo dawa ya pwani yetu! Nimeshuhudia kiwanja kinasafishwa wiki nzima, tingatinga usiku, kisha mtaalamu anaitwa kuandika "ardhi tupu yenye majani machache". Hapo hata ukiongeza asilimia 100 umeongeza juu ya sifuri. MpimaWaAmu, swali la kwanza kwa jamaa yako: ameshafyeka?

#19 MpimaWaAmu
Ahsanteni nyote. Kujibu #18: amefyeka njia ya kuingilia na kipande cha juu ambako nyumba itakaa. Palikuwa na mikoma na vichaka vya miiba, na mbuyu mmoja ambao ameuacha. Picha za setilaiti za miaka ya nyuma zipo, zinaonyesha kichaka kilivyokuwa. Mikoko haijaguswa, ila kwenye ramani kuna gati ya mbao inayopita katikati yake, na shimo la maji machafu liko upande wa mteremko.

#20 Nahodha_Faza
Gati ya nini? Kwa nini asitumie gati za umma zilizopo akaleta wageni kwa njia ya nchi kavu? Kila mwenye nyumba akiwa na gati yake mikoko itakuwa kama sega la nywele.

#21 MlinziWaMida
Shimo la maji machafu ndilo la hatari kuliko gati. Mwamba wa Manda ni matumbawe ya kale, una matundu, maji hayakai. Kitakachomwagwa juu kitatokea kwenye matope. Sogeza shimo, weka tangi lililozibwa, maji ya kuogea yapite kwenye kitanda cha changarawe na mimea. Hiyo ramani irudi kwa mchoraji.

#22 FundiChokaa
Kurudisha ramani kwa mchoraji ni pesa. Lakini kwa hili la shimo nakubaliana nawe, nimechimba Manda, jiwe lile hunywa maji kama kitambaa. Na upande wa Shela tunajua: maji matamu ya mji yako chini ya vilima vya mchanga, na watu bado wanataka kujenga juu yake.

#23 BintiWaShela
Vilima vya mchanga tufungulie uzi wake, FundiChokaa. Nikianza hapa sitamaliza leo.

#24 MwanafunziKilifi
Narudi kwenye "kwa nini haionekani kwenye ardhi". Mzee asema wenyeji hawakuulizwa, MlinziWaMida asema hawakupima, Nahodha asema walipanda pasipo pake. Mimi naona ni muda. England wamefunga miaka 30 ya kutunza. Hapa kanuni za 2003 zinadai ukaguzi wa mazingira baada ya mradi kuanza, ila ukisoma ripoti za ukaguzi nyingi ni vyoo, vizima moto na leseni. Mche wa mwaka wa kwanza hauna mwenyewe ukifika mwaka wa nne. Bila fungu la pesa lililotengwa tangu mwanzo, lililoandikwa jina la atakayelipwa kwenda kuhesabu, mpango ni ahadi ya mdomo.

#25 MzeeWaMatondoni
Na huyo wa kulipwa awe mtu wa hapa hapa Amu. Wako vijana wanaojua kila mkondo kwa jina.

#26 Mswahili_Bristol
Mwanafunzi, miaka 30 ni ya kwenye sheria. Utekelezaji wake bado mchanga, mafaili ya kwanza yana muda mfupi sana, nani atakayekagua mwaka wa 20 ni swali tunaloulizana ofisini kila siku. Halmashauri nyingi hazina hata mwanaikolojia wa kudumu. Kwa hiyo msituone sisi tumefika.

#27 WakiliMalindi
Ndiyo maana nasema mkataba. Sharti kwenye mkataba wa mkopo, malipo ya awamu: awamu ya pili haitoki mpaka hesabu ya fremu za MlinziWaMida irudiwe. Mwenye pesa ana nguvu ambayo mkaguzi hana.

#28 MzeeWaMatondoni
Na mwenye pesa akiuza sehemu yake akarudi kwao?

#29 WakiliMalindi
Sharti linaweza kusajiliwa juu ya ardhi, mzee. Sheria ya mazingira ya 1999 ina kipengele cha haki ya uhifadhi juu ya ardhi ya mtu, mahakama ndiyo inayoitoa. Nitatafuta vifungu niviweke hapa.

#30 MpimaWaAmu
Nimezungumza na mwenye kiwanja leo. Shimo amekubali kulisogeza na tangi litazibwa. Gati hataki kuiacha, asema wageni wenye mizigo hawawezi kupita nchi kavu. Kuhesabu wakati wa bamvua amekubali, ila ataka maombi ya kaunti yaendelee, asingoje kaskazi.

#31 Nahodha_Faza
Gati ihamie pale mkondo ulipo mpana, upande wa kusini wa kiwanja, hapana haja ya kukata hata mche. Nitumie ramani nikuonyeshe. Na asipongoja kaskazi, ndege atawahesabu wapi?

#32 MlinziWaMida
Asipongoja asiandike ndege kabisa. Aandike "hawajahesabiwa", mshirika wake aamue mwenyewe kama anatoa pesa.

#33 FundiChokaa
Mutamkimbiza mwekezaji nyinyi.

#34 BintiWaShela
Akikimbia kwa sababu ya kungoja msimu mmoja, basi. MpimaWaAmu, bamvua ijayo mimi na binti zangu wawili tutakuja kushika kamba. Fremu unazo?